Kobe Limekunywa Ngapi?

Simu iliingia nikiwa ninamenya viazi. Aliyepiga ni Mama Generoza mwenyewe, hakumtuma mtu, na wala hakuzunguka. "Karani," akasema, "Bwana Shamba ametutoka alfajiri. Njoo, na uje na miwani yako." Nikalia pale pale jikoni, kisu mkononi, halafu katikati ya kulia nikajikuta ninajiuliza: miwani ya nini? Msibani mtu huambiwa aje na kanga, aje na mchele. Miwani sijawahi kusikia. Lakini Mama Generoza akikuambia njoo na kitu, unakwenda nacho, maswali utayauliza ukifika. Nikajaza mafuta, nikaondoka. Gari langu la sasa lina kioo kidogo mbele ya usukani kinachoandika chenyewe kilomita ngapi kwa lita moja, humuulizi mtu, hupimi kitu. Njia nzima nilikuwa ninakitazama kile kioo na kumsikia marehemu akisema kinadanganya. Na kwa habari ya kudanganya kuhusu mafuta, jamani, mimi ndiye wa kuulizwa.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa nini nilikuwa ninakaa Biharamulo kwa Bwana Shamba na mkewe Mama Generoza, na undugu wetu ulipitia kwa nani, hayo niyaache. Kwetu ukianza kueleza undugu chai inapoa na bado hujafika kwa bibi. Itoshe kwamba niliwaita Bamkubwa na Mamkubwa, kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na hesabu nikaifeli kweli kweli, na kwamba nilikuwa na hamu moja tu duniani, nayo ni kuendesha gari. Gari lenyewe lilikuwa pale uani, limeegeshwa kati ya jiko na banda la kuku: gari dogo la Kijerumani, la rangi ya maziwa yaliyochacha, mgongo wa mviringo, injini nyuma na tangi la petroli mbele. Mji mzima uliliita Kobe. Bwana Shamba alilinunua alipostaafu, kutoka kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na padri alimwapia kwamba Kobe hutembea kilomita kumi na tatu kwa lita moja. Neno hilo Bwana Shamba alilipokea kama alivyopokea ubatizo. Padri hawezi kudanganya. Kwa hiyo ikipatikana pungufu ya kumi na tatu, anayekosea ni dunia.

Sasa Kobe halikuwa na mshale wa kuonyesha mafuta. Lilitoka kiwandani hivyo hivyo. Ukitaka kujua tangini kuna nini, unafungua boneti, unafungua mfuniko, unazamisha kijiti. Bwana Shamba alikichonga mwenyewe kutoka kwenye tawi la mpera, akamimina petroli lita moja moja kwa kopo, na kila lita akakata alama kwa kisu. Kijiti hicho kilitundikwa sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo nyumba za watu huweka picha ya harusi. Picha ya harusi ilikuwepo, ila ilihamishiwa chumbani, na Mama Generoza alikuwa na maneno kuhusu uhamisho huo. Mgeni akiuliza kile kijiti ni cha nini, yeye ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya kumfikia mumewe popote alipo: "Hicho? Hicho ni mke mkubwa."

Kazi yangu ilikuwa kusoma kijiti na kuandika daftari, kwa sababu Bwana Shamba macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha na miwani alikuwa haitaki, alisema inamzeesha. Ndiyo nikaitwa Karani, mimi wa kufeli hesabu. Kabla ya safari tunapima mafuta, tunaandika kilomita, halafu tunapitia ghala la kahawa, ambako rafiki yake alikuwa msimamizi, na kila abiria anapanda kwenye mizani ya magunia. Sikutanii. Bwana Shamba, kilo themanini na saba. Karani, hamsini na moja. Watu wa Biharamulo walikuwa wakiacha kununua nyanya waje kutuangalia. Aliyekataa ni mmoja tu. Mama Generoza alikuwa mwanamke wa kujaza mlango, na alivuka barabara mbele ya ghala lile ameinua kidevu. "Mimi si gunia," alisema. "Siku mkianza kuninunua ndiyo mnipime." Kwa hiyo kwenye daftari, safari zote, jina lake limeandikwa na mbele yake neno moja: haijulikani. Bwana Shamba alijaribu kukisia kwa kuangalia gari linavyolalia upande wa kushoto Mamkubwa akipanda. Alipokamatwa amepiga magoti uani anatazama matairi, alilala bila chakula cha jioni.

Safari zetu zilikuwa za kwenda Ngara, mara mbili au tatu kwa mwezi. Huko ndiko alikofanyia kazi ujana wake wote, akiwafundisha watu kupanda migomba kwa mistari, na kila kijiji kulikuwa na mtu wa kumwalika: huku ubatizo, kule mahari, kwingine mtu anataka tu aje aone mgomba unavyozaa. Bugarama alikuwa na mashemeji. Alikuwa dereva wa ajabu. Akifika kileleni mwa kilima anazima injini, anatoa gia, Kobe linateremka lenyewe kimya kimya, mpaka mbuzi walioko barabarani wanashtuka kuliona. "Mteremko ni mafuta ya Mungu," alikuwa akisema. Mama Generoza alifumba macho kila mteremko na kutaja watakatifu kwa majina, na alikuwa anawajua wengi.

Safari ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya Bugarama. Tuliporudi nikapima, nikagawanya kwa karatasi na vidole, ikatoka kilomita tisa na kitu. Nikamsomea. Nilidhani atanigombeza, afadhali angenigombeza. Alitoka nje, akaweka kiganja juu ya boneti kama unavyompima mtoto homa. Chakula chake cha jioni tukampa mbwa. Siku iliyofuata akaniambia neno ambalo ndilo lililoniharibu: "Karani, nakuona unavyolitazama gari. Siku utakaponisomea kumi na tatu ya mwezi mzima, nitakufundisha. Gari lenye afya ndilo hupewa mwanafunzi."

Mniambie nyie mngefanya nini. Safari ya pili nikazamisha kijiti, nikaona lita tisa, nikasema kumi. Ya tatu nikaongeza mbili. Uso wa mzee ulikunjuka, akala ugali, akamtania mkewe, nyumba ikawa na amani. Nikajiambia huu si uongo, huu ni utumishi. Lakini ukweli niliuandika pia, kwa penseli, kurasa za mwisho za daftari lile lile, kwa sababu mwongo naye anahitaji kujua ukweli ameuweka wapi. Tatizo likawa siku ya kujaza. Tangi ambalo kwa maneno yangu lina lita kumi, linameza kana kwamba lina nane. "Zinakwenda wapi?" akauliza. Nikasema bila kufikiri: "Labda ni jua, Bamkubwa. Petroli hukauka." Ee Mungu wangu. Kesho yake alfajiri alikuwa anachimbia nguzo. Akalijengea Kobe kibanda cha nyasi, kizuri kuliko cha kuku. Mchana likafunikwa magunia mabichi juu ya boneti, na nani wa kuyamwagia maji kila saa? Mimi. Mfuniko wa tangi ukafungwa kwa jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto, jinsi wanavyofunga pombe ya ndizi isipoteze ukali. Wazee wakaja kujifunza. Mmoja akaenda kuifunika pikipiki yake.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini Kobe halikuweza kufikisha kumi na tatu, na wala haikuwa siri. Kwenda tulikwenda wepesi, tumepimwa, tumeandikwa. Kurudi je? Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Ukitoka Bugarama una mikungu miwili ya ndizi nyuma, debe la maharage miguuni, maboga, kuku aliyefungwa miguu, na kibuyu cha urwagwa, ile pombe ya ndizi, ambacho lazima mtu akipakate. Na barabarani humwachi mzee anatembea, humwachi mama mwenye mzigo. Mimi nilisafiri nusu ya Ngara shavu langu likiwa limegandamizwa na mkungu. Hata hivyo daftarini tulikuwa watu watatu tu, kwenda na kurudi. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatuandiki na ndizi. Alinitazama kama nimetukana. "Zawadi haipimwi, Karani. Ukimpimia mtu zawadi yake umemwambia haitoshi." Hivyo ndivyo mtu mwenye elimu yake, aliyeweza kukuambia mbolea ya shamba zima kwa kichwa, alivyozunguka mwaka mzima na kilo mia moja na zaidi zisizojulikana, akilaumu jua.

Mwezi wa tano nikamsomea kumi na tatu kamili. Alikata nyasi za uwanja wa mpira kwa mkono wake ili mwanafunzi aone vizuri. Nikajifunza pale, kisha njia ya sokoni, kisha barabara ya kuzunguka boma la Wajerumani, yeye kando yangu akisema, "Taratibu, usilikanyage, halikukosei kitu." Nilikuwa na furaha mpaka usingizi ulikuwa haunijii. Na kila nilipokuwa na furaha sana nilikumbuka zile kurasa za penseli.

Tukafika kwenye safari ya Keza, huko huko Ngara. Ilikuwa Jumapili, kiangazi, vumbi jekundu limekaa juu ya migomba, na miezi ile petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Pampu nyingi zilikuwa zimefungwa kwa mnyororo. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kihangaza, kabila la huko, mwanafunzi wa zamani wa Bwana Shamba, mwenye nyumba ya bati na sebule iliyosafishwa mpaka unaogopa kukanyaga. Ndizi zilipikwa na nyama ya mbuzi, zikaletwa na maharage kando na sahani ya parachichi. Mama Generoza alichota kijiko kimoja, akakizungusha, akakirudisha. Mama mwenye nyumba akaona. Kukataa chakula cha mtu kule ni kesi. "Mama, mkono wangu una chumvi nyingi?" akauliza, anacheka lakini hacheki. Mamkubwa akala matonge mawili kwa shida, jasho likamtoka. Bwana Shamba hakuona, alikuwa anawaeleza wanaume habari za kukauka kwa petroli.

Baadaye kidogo nilikwenda kunawa nyuma ya jiko, na ukuta wa jiko lile ulikuwa wa miti. Nikamsikia Mamkubwa akimwambia mwenyeji wake kwa sauti ya chini, "Si chakula chako, mwenzangu. Tumbo hili upande wa kulia lina siku ya tatu. Usiseme. Akijua ataiahirisha safari, na ameihesabu wiki nzima." Mwenzake akasema mume lazima aambiwe. "Mume?" akasema Mamkubwa. "Yule anajua gari lake lilikunywa nini Bugarama mwezi wa tatu. Muulize mimi nimekula nini jana." Kisha nikasikia akicheka, halafu kicheko kikakatika. Nilikaa pale na maji yananichuruzika mikononi. Sasa nilikuwa na siri mbili, yangu na yake, na sikusema hata moja. Mpaka leo hilo linanikera.

Wakatufungashia mikungu mitatu, nusu gunia la maharage na jogoo mwekundu. Njiani tukampakia mwinjilisti mmoja, Zakayo. Yule wa kwenye Biblia alipanda mti kwa sababu ya ufupi. Huyu wetu, mti ungevunjika. "Habali za safali, Bwana Shamba," akasema akijipenyeza nyuma, "nisogezeeni mpaka Lusahunga tu, mimi sina uzito, nimefunga tangu Ijumaa." Kobe likaguna likaondoka. Tulikuwa tumeshapita Nyakahura, msitu umeanza, kurudi nyuma kwenye hospitali ya Ngara ni mbali kuliko kwenda mbele Biharamulo, ndipo Mama Generoza akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Bwana Shamba alifunga breki katikati ya barabara. Mkewe alikuwa amejikunja, amekamata upande wa kulia, midomo imekuwa ya kijivu. "Siku ya tatu," nikasema nyuma ya ndizi. "Ana siku ya tatu, Bamkubwa. Hakutaka ujue."

Hakukuwa na gari mbele wala nyuma. Zakayo akaanza kuomba kwa sauti kubwa, tena akianzia mbali, kwenye uumbaji. Bwana Shamba alisimama barabarani, akafanya kitu pekee alichojua kukifanya. "Karani. Kijiti." Nikafungua, nikazamisha, nikasoma. Safari hii nilisoma kweli: lita tano. "Tano," akasema, na uso wake ukatulia kidogo. "Tano mara kumi na tatu, sitini na tano. Mbele zimebaki hamsini na tano. Tunafika, na akiba inabaki. Pandeni!" Akaingia kwenye gari. Akashika ufunguo.

Nilitaka kunyamaza. Ninaandika hili nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado ninaona haya kukiri kwamba kwa pumzi mbili tatu nilitaka kunyamaza, nikitumaini labda jua, labda mteremko, labda Mungu. Kisha Mamkubwa akaguna tena, nikasikia mdomo wangu unasema, "Bamkubwa, si kumi na tatu." Akageuka. "Ni tisa na nusu. Nimekudanganya. Tangu mwezi wa pili nimekudanganya, ili unifundishe gari. Tutazimika msituni." Nikamfunulia zile kurasa za penseli, kana kwamba angeziona. Hata Zakayo alinyamaza, naye alikuwa hajafika hata kwenye gharika.

"Tisa na nusu," Bwana Shamba akasema. Alisema kama mtu anayetajiwa jina la marehemu. Sikuwahi kuona mtu akizeeka kwa kasi ile. Nikangoja kibao. Badala yake alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akashika mkungu wa kwanza na kusimama nao, hajui aufanye nini, kwa sababu zawadi haitupwi barabarani, haijawahi kutokea. Ni Mama Generoza aliyempa ruhusa. "Shusha ndizi, wewe mwanamume!" Akashusha. Mikungu mitatu, maharage, tairi la akiba, jeki. Akamtazama Zakayo. "Bwana Shamba, mimi nimefu—" "Shuka, mtumishi." Akashuka. Kobe likapanda juu kiasi cha shibiri nzima, wote tukaliona.

Halafu akazunguka upande wa mkewe, akachutama mlangoni. "Mama Generoza," akasema taratibu sana, "nisamehe. Una kilo ngapi?" Katika maumivu yale Mamkubwa akafumbua jicho moja. "Tisini na mbili!" akafoka. "Nilijipima mwenyewe, ile siku ulipokwenda kutafuta plagi! Tisini na mbili na viatu! Umefurahi?" "Asante," akasema mzee, na akaanza kupiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la mlango. Tisini na mbili. Themanini na saba. Hamsini na moja. Akafuta, akarudia. Nilimwona anaporudia mara ya tatu, anatafuta hesabu nyingine itakayotoka tofauti, na haikutoka. Alichomoa ufunguo, akaniwekea mkononi.

"Wewe peke yako na yeye," akasema. "Mimi ni mzito." Nikasema sijawahi kuendesha nje ya mji. "Najua. Kilima cha kwanza panda na gia ya pili, usikimbie. Mteremko zima. Usilikanyage." Alimfuta mkewe jasho usoni kwa kitambaa alichokuwa nacho, ambacho ni kile cha kufutia kijiti. "Petroli hiyo!" akalalamika Mamkubwa. Hilo ndilo neno waliloagana nalo. Niliwaona kwenye kioo, mzee na mwinjilisti wamesimama na mikungu mitatu katikati ya msitu, kama watu waliofungua genge mahali pasipo na wateja.

Safari ile nzima niliendesha nimeng'ata ulimi. Tukiwa tumeenda mbali ndipo tukagundua jogoo bado yumo, chini ya kiti, kwa sababu aliwika. "Naye ana kilo mbili," akasema Mamkubwa kwa taabu, "mtupe." Nikasema siwezi kusimama. Kila kilele nilizima, tukateremka kimya, sauti ni upepo na mgonjwa na jogoo. Mwanamke aliyekuwa akikichukia kile kijiti mwaka mzima aliniuliza kila baada ya dakika chache, "Tumebakiza ngapi?" nami nikajibu kwa kukisia, nikakisia kwa ukweli, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Baada ya Lusahunga alianza kuita jina la mumewe, lile la ubatizo, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Taa za mji ndiyo zinaanza kuwashwa tulipoingia. Mbele ya hospitali Kobe likakohoa, likakohoa tena, likazimika pua yake ikiwa imeingia getini na mkia uko nje. Mlinzi akaja anapunga mkono: "Hapa haparuhusiwi kuegesha!" Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Alisukuma.

Kilikuwa kidole tumbo, na daktari alisema kingengoja saa chache zaidi kingepasuka. Wakampasua jioni ile ile. Asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye baraza la wodi, chini ya dirisha lake, ndipo Bwana Shamba akaja. Walikuwa wamepata lori la mbao alfajiri. Viatu vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye soksi, na begani alikuwa na mkungu mmoja wa ndizi. Mingine alimwachia Zakayo. Nikasimama. "Shikamoo, Bamkubwa." Hakuitikia. Alinitazama, akauliza, "Ilibaki lita ngapi?"

Nilipandwa na hasira. Mkewe amepasuliwa tumbo na mtu anauliza lita! "Haikubaki hata tone," nikamjibu kwa ukali. "Limezimika getini. Na mwenyewe mzima, kama unataka kujua." Akaketi kwenye ngazi na mkungu wake, akalia kwa sauti, mtu mzima, wagonjwa wanaangalia. Nikamwacha pale nikaingia ndani. Mama Generoza alikuwa amelala amefumba macho. "Amekuja?" akauliza. Nikasema amekuja. "Ameuliza nini kwanza?" Na mimi, niliyeapa jana yake msituni kwamba sitadanganya tena maisha yangu yote, nikasema, "Amekuulizia wewe, Mamkubwa. Amesema, Mama Generoza anaendeleaje." Akafumbua macho. "Andika," akasema. "Kwenye daftari hilo hilo." Nikaandika, kwa wino, chini ya safari ya Keza.

Bwana Shamba hakunigombeza kamwe. Aliniketisha nikanakili kurasa zote za penseli mbele kwa kalamu, akaongeza safu mpya ya ndizi, akabomoa kibanda cha nyasi akawapa kuku. Zawadi ziliendelea kutopimwa, ila alizinyanyua mwenyewe na kuniambia chini chini, "Andika arobaini." Usukani hakuninyang'anya. Nilipomuuliza kwa nini, alisema dereva ni yule anayejua gari limebakiza nini, hata kama ni aibu kusema. Kazi hiyo ya udereva nimeifanya mpaka nilipostaafu, na sijawahi kuzimika njiani, isipokuwa getini siku ile.

Basi nikafika msibani na miwani yangu. Turubai limejaa watu, na kuku wawili wanalala ndani ya Kobe lisilo na matairi. Sebuleni kijiti bado kipo juu ya redio, na pembeni yake, sijui tangu lini, picha ya harusi imerudi. Mama Generoza amekonda, hajazi tena mlango wowote. Ananishika mkono ananiingiza chumbani, anatoa daftari kwenye sanduku la bati. "Vaa miwani. Nisomee Keza." Nikasoma kilomita, nikasoma lita tano, nikasoma tisini na mbili, tukacheka mpaka mtu akachungulia kuona kuna nini. Kisha nikafika kwenye ule mstari wangu, nikavua miwani. Alimaliza yeye, kwa kichwa: "Ameuliza Mama Generoza anaendeleaje." Akanitazama. "Dirisha lilikuwa wazi, mwanangu. Nilimsikia alichouliza."

Sikujua niweke uso wapi. Nikaanza kusema nisamehe, akanikatiza. "Ulikuwa mtoto, hukujua. Gari lina lita tano na ndani yake nimo mimi. Angeuliza nini kingine? Alikuwa anauliza kama nimefika." Akanipa kalamu iliyokuwa imebanwa kwenye daftari. "Futa hilo lako. Andika la kwake."

Nikafuta. Nikaandika, kwa herufi kubwa ambazo hata Bwana Shamba angeziona bila miwani: Ameuliza ilibaki lita ngapi.